Sheria Ndogo ni ya Anayekaa Bondeni

Katika mitaa ya bondeni ya Dar es Salaam kuna kazi ambayo hufanywa usiku, mvua ya masika ikiwa imekolea. Mwenye nyumba hutoka na mtaimbo, hutoboa ukuta wa shimo la choo upande unaotazama mtaro, kisha huyaachia maji ya mvua kazi iliyobaki. Huku tunaiita kutapisha choo. Kukipambazuka shimo ni tupu na pesa ya gari la majitaka imebaki mfukoni. Kilichokuwa shimoni kimeteremka na mtaro, kimepita mbele ya mlango wa jirani, kimezunguka kisima kifupi wanachochota watu wa chini, kimetuama pale watoto wanapochezea mpira mvua inapokatika.

Nilipanga chumba katika mtaa wa namna hiyo kwa miaka sita, nyumba ya pili kutoka chini. Mwaka wa tatu, mtoto wa chumba cha jirani aliharisha usiku kucha, na alfajiri mama yake akambeba mgongoni hadi kituo cha afya, shingo ya mtoto ikiwa haina nguvu ya kushika kichwa. Alipona. Mwenye nyumba wa juu yetu, aliyekuwa ametapisha choo siku mbili kabla, alikuja kumpa pole mama yule, akaleta na embe tatu. Alikuja kwa moyo mweupe kabisa. Hakuwa ameona uhusiano wowote kati ya mtaimbo wake na mtoto yule.

Naanzia chooni kwa sababu mjadala wetu kuhusu sheria ndogo za halmashauri umezoea kuanzia kwingine. Huanzia kwa mgambo mwenye rungu, kwa mama lishe anayelia, kwa sufuria la wali lililomwagwa barabarani. Picha hiyo imezaa msimamo ambao sasa umekuwa kama imani: kwamba sheria hizi za usafi, za vyakula, za ujenzi na za biashara zilitungwa ili kumkamua mnyonge, na kwamba kadiri zinavyopungua ndivyo anavyopumua. Utausikia msimamo huu kijiweni, utausikia redioni asubuhi, na ukifika msimu wa kampeni karibu kila mgombea udiwani atausema jukwaani kwa sauti ya huruma: mwacheni mwananchi atafute riziki yake.

Hasira iliyomo katika maneno hayo naifahamu na siipuuzi. Hitimisho lake nalikataa, na ninalikataa nikiwa upande wa huyo huyo mnyonge anayesemewa.

Hasira ina asili yake. Ukisimama Mnazi Mmoja leo utaona uwanja wa kupumzikia. Wakoloni waliuacha wazi kama ukanda wa kutenga, ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na Uhindini, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zilichorwa kwa kalamu ya kanuni za ujenzi na za usafi. Aliyekuwa na nyumba ya udongo aliambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye ugonjwa. Vijijini mambo hayakuwa tofauti: Uluguru mwaka 1955 watu waliinuka kupinga amri ya kulima matuta ambayo hawakuulizwa, na mtu mmoja akauawa kwa risasi Matombo. Kwa hiyo mzee anayekunja uso akisikia neno "sheria ndogo" anakumbuka kitu cha kweli.

Kisha likaja jambo la pili, la kwetu wenyewe. Kwa miaka mingi mgambo wa halmashauri hakuwa mtu wa usafi hata kidogo. Alikuwa mtu wa kodi ya maendeleo, ile kodi ya kichwa ambayo ilimfanya mwanaume mzima avuke shamba la mihogo kwa kujificha ili asikutane na kizuizi cha njiani. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, pamoja na ushuru mwingine wa kero. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Lakini halmashauri zilibaki na mahitaji yale yale na mfuko uliotoboka. Njaa hiyo ilitafuta mlango mwingine, na mlango uliokuwa karibu ulikuwa faini. Mgambo yule yule, kwa mwendo ule ule, akabadilishiwa kitabu cha stakabadhi. Ndiyo maana leo mwananchi akiambiwa "umevunja sheria ya usafi" anasikia "lete kodi".

Haya yote ni ushahidi dhidi ya mkoloni, dhidi ya kodi ya kichwa na dhidi ya halmashauri zinazoigeuza sheria ya afya kuwa chanzo cha mapato. Hakuna hata moja linaloonyesha kwamba mtaa usio na sheria hizo ni mtaa salama zaidi kwa maskini. Hapo ndipo wenzetu wanaporuka shimo bila kutuonyesha daraja.

Na nchi hii haina haja ya kukisia. Ilishawahi kuishi bila halmashauri. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulivunja halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata. Nia ilikuwa njema: kupeleka maamuzi na wataalamu mikoani, kuharakisha maendeleo vijijini. Miji ikabaki bila mwenye mji. Taka zilikosa wa kuzizoa, mitaro ikakosa wa kuizibua, bwana afya akakosa baraza la kumsikiliza. Mwaka 1977 kipindupindu kililipuka na kikaendelea hadi mwaka uliofuata. Mwaka 1978 serikali ilitunga sheria ya kurudisha halmashauri za miji, na kuharibika kwa huduma pamoja na hofu ya magonjwa ya mlipuko vilikuwa miongoni mwa sababu. Kisha mwaka 1982 zikapitishwa sheria tunazozitumia hadi leo, ile ya mamlaka za wilaya na ile ya mamlaka za miji, ambazo ndizo zinazozipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Waliorudisha mamlaka hayo walikuwa viongozi wale wale walioyaondoa. Waliyarudisha kwa sababu ya walichokiona mitaani.

Wapo watakaonijibu kwamba kinachohitajika ni elimu, wala si sheria. Nawaheshimu, kwa kuwa elimu ya afya nchini kwetu ina historia ya kujivunia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, walijadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sijui nchi nyingi za wakati ule zilizoweza jambo kama hilo. Lakini shimo la choo lina tabia moja ambayo redio haiwezi kuibadili: hujaa. Siku linapojaa, aliyeelimika na asiyeelimika hukabiliwa na swali moja, nani alipe gari. Jirani yangu mwenye embe tatu alikuwa mwalimu mstaafu. Elimu ya usafi aliifundisha darasani kwa miaka mingi.

Hili ndilo hasa ambalo wapinzani wa sheria ndogo hawataki kulitazama. Madhara ya uchafu hayamkai aliyeusababisha. Huteremka kwa mwingine. Anayetapisha choo anapata faida yote, na hasara yote inakwenda kwa watu wa chini ambao hakuwauliza. Hapo ushauri mwema hauna nguvu, kwa sababu anayeshauriwa haumwi. Ndiyo maana jamii zetu, hata kabla ya kuwapo halmashauri, zilikuwa na miiko kuhusu chemchemi na visima, na aliyechafua maji alilipishwa na wazee. Wazee walijua kwamba maji ya watu wote yanahitaji kauli ya watu wote, na adhabu.

Sasa tumtazame huyo mnyonge anayesemewa. Mtu mwenye uwezo, anayekaa penye viwanja vilivyopimwa, anaihitaji sheria ndogo kwa kiasi gani? Ana kisima kirefu na mtambo wa kuchuja maji. Karo lake likijaa anapiga simu, gari linafika kwa sababu barabara inapitika. Jirani yake yuko nyuma ya ukuta na bustani. Nyama ananunua dukani kwenye jokofu, na akiugua ana bima. Ukizifuta kesho sheria zote za afya za manispaa, maisha yake yatabadilika kidogo sana. Yeye pesa yake imekwisha kumtungia sheria yake mwenyewe.

Bondeni, kati ya choo chako na jiko langu kuna tofali moja. Nyama tunanunua kwenye bucha la kona, na kitu pekee kinachonitofautishia ng'ombe aliyechinjwa machinjioni mbele ya mkaguzi na kibudu kilicholetwa usiku kwenye bodaboda ni mhuri wa buluu juu ya paja. Sina jokofu la kuniokoa wala bima ya kunitibu. Nina mhuri. Anayeniambia kwamba ukaguzi wa nyama ni urasimu unaomkera mfanyabiashara mdogo anataka nile kwa kubahatisha, kisha anaita jambo hilo huruma.

Zaidi ya hapo, wengi wetu bondeni ni wapangaji. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, korido katikati, choo uani, na familia sita zinazotumia choo kimoja. Mwenye nyumba mara nyingi anaishi kwingine na anakuja kuchukua kodi ya miezi sita au mwaka. Choo kikijaa, mpangaji ana silaha gani? Mkataba wake ni wa mdomo. Akilalamika sana anaambiwa atafute chumba kingine. Silaha yake pekee ni kwamba ipo sheria ya manispaa inayosema nyumba ya kuishi lazima iwe na choo kinachofaa, na kwamba bwana afya anaweza kuja na karatasi yenye siku za kurekebisha. Nimewahi kuiona karatasi ile ikifanya kazi. Mwenye nyumba ambaye kwa mwaka mzima hakupokea simu zetu alileta gari la majitaka ndani ya siku nne. Hakuna mkutano wa wapangaji, hakuna ombi na hakuna machozi yaliyowahi kufanya hivyo.

Ndipo wanaponirudishia mama lishe. Haya, tumzungumze mama lishe, maana ndiye anayetumiwa kama ngao.

Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea karibu nchi nzima. Uuzaji wa vyakula mitaani ukapigwa marufuku, na mama lishe wakawa wa kwanza kufunga mafiga. Desemba 9 mwaka huo, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuamuru siku hiyo iwe ya kufanya usafi nchi nzima. Watu walitoka na mafagio, nami nilitoka, na siku ile ilikuwa nzuri. Lakini nilijiuliza maswali nikiwa na reki mkononi. Mtaro ule tuliokuwa tunauzibua ulikuwa na taka za miaka mingapi? Na wale akina mama waliokaa nyumbani wiki baada ya wiki bila kuuza hata sahani moja, nani aliwafidia?

Tulinganishe gharama. Sheria ya kawaida ya vyakula inamtaka mama lishe awe na maji yanayotiririka ya kunawia, afunike chakula, apime afya kila baada ya miezi sita. Ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi cha dumu na kamba ambacho mtoto wa shule anaweza kukitengeneza, haigharimu mauzo ya siku nzima. Marufuku ya dharura iligharimu mtaji wote. Tulipoilegeza sheria ndogo ya kila siku kwa jina la kumhurumia, tulimwekea amri kubwa njiani, na amri kubwa haichagui: ilimfungia yule aliyekuwa msafi sawa na yule asiyenawa. Mama lishe niliyekuwa nakula kwake, mwanamke aliyekuwa akichemsha maji ya kunywa ya wateja kila alfajiri, hakurudi tena kwenye biashara. Alihamia kwa dada yake mkoani.

Na tukumbuke anayekula pale ni nani. Ni kibarua, ni dereva wa bodaboda, ni mwanafunzi aliyepewa nauli tu. Mnyonge ana pande mbili za meza. Wanaomtetea muuzaji peke yake wamemsahau mnyonge mwenye njaa aliyekaa upande wa pili na sahani.

Lipo kosa jingine kubwa katika msimamo ninaoupinga: unadhani kwamba sheria ikiondoka, mwananchi anabaki huru. Habaki huru. Anabaki chini ya matamko. Wamachinga wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Desemba 2018 walianza kugawiwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 na kauli ikatoka kwamba wasibughudhiwe. Wakapanga meza juu ya mitaro, kwenye njia za waenda kwa miguu, mbele ya milango ya maduka, na bwana afya aliyejaribu kusema neno kuhusu mtaro uliozibwa alionekana mpinzani wa wanyonge. Oktoba 2021 upepo ukageuka. Vibanda vikaondolewa, na katika mitaa mingi tingatinga lilitangulia mbele ya maelezo. Mtu aliyekopa kujenga kibanda mwezi Agosti kwa kuamini kauli, Novemba hakuwa na kibanda wala kauli.

Kama kungekuwa na sheria ndogo iliyoandikwa, iliyobandikwa, inayosema meza iwe umbali gani kutoka mtaroni, eneo gani ni la biashara na saa ngapi, na notisi iwe ya siku ngapi, mmachinga angekuwa na karatasi ya kushika mahakamani. Tamko halishikiki. Limetoka kinywani mwa mkubwa na linaweza kumezwa na kinywa kile kile. Wanaoshangilia sheria zinapowekwa pembeni wanashangilia kuvuliwa nguo wasizojua kwamba wamezivaa.

Nifike kwenye ujenzi, ambako ninashindwa kuandika kwa utulivu. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka. Watu 36 walikufa. Novemba 16, 2024, ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, siku ya soko. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakizungumza kwa simu kutoka chini ya kifusi kwa saa nyingi. Baada ya kila tukio inaundwa tume, majengo yanakaguliwa, na kwa miezi michache neno "kibali" linaheshimika. Kisha tunarudi kwenye wimbo wetu kwamba vibali vya ujenzi ni ukiritimba, kwamba mkaguzi wa manispaa ni mla rushwa tu, kwamba mwekezaji asicheleweshwe. Waliokuwa chini ya kifusi Kariakoo walikuwa wauza nguo, wachukuzi, wateja waliopanda basi kutoka mikoani kufuata bei ya jumla. Sheria ya ujenzi ilikuwa yao kuliko ilivyokuwa ya mwenye jengo. Wao ndio walioingia mle ndani bila uwezo wa kuuliza chini kumechimbwa nini.

Nakiri kwamba sheria iliyoandikwa peke yake haimlindi mtu. Mwaka 1997 halmashauri zilikuwapo na sheria zilikuwapo, na bado kipindupindu kiliwapata watu zaidi ya 40,000 nchini, zaidi ya 2,000 wakafa. Kwa hiyo wapinzani wangu wana swali halali: kama karatasi hazikuzuia vifo vile, zina faida gani?

Jibu langu liko Moshi. Mji ule umejijengea jina la usafi kwa miaka mingi, na umetwaa ushindi mara kadhaa katika mashindano ya kitaifa ya usafi. Mara ya kwanza nilipokwenda, kondakta alitutangazia kabla ya kushuka stendi: jamani, hapa hatupi maganda, faini ni 50,000. Nilishuka na ganda la ndizi mkononi, nikatembea nalo hadi nilipoliona pipa, na pipa halikuwa mbali. Hapo ndipo kuna siri yote. Pipa lilikuwapo. Sheria haikuniambia nisitupe taka huku ikininyima mahali pa kuzitupa. Kondakta, ambaye hakuwa mtumishi wa manispaa, aliitamka kama sheria yake. Muuza magazeti aliniangalia mkono. Faini ile ilikuwa kubwa, lakini katika siku zangu tano pale sikumwona mtu akitozwa. Sheria iliyokwisha kukubaliwa haihitaji rungu kila saa.

Watu wa Moshi si viumbe wa pekee. Mtu yule yule anayebeba ganda mkononi akiwa Moshi hulitupa dirishani basi likifika Mbezi. Kilichobadilika ni mahali alipo na matarajio ya walio karibu naye.

Kwa hiyo ugomvi wangu na halmashauri ni mkubwa kuliko wa wanaotaka sheria zifutwe, maana wao wakishafutiwa watanyamaza. Mimi naidai halmashauri iishi chini ya sheria yake yenyewe. Manispaa isiyo na dampo karibu wala ratiba ya gari la taka haina haki ya kumtoza mtu faini ya taka. Manispaa iliyoacha mtaro wake ujae mchanga hadi maji yakaingia vyumbani imevunja sheria ya usafi kabla ya mkazi yeyote. Na bwana afya asipimwe kwa shilingi alizoleta. Pale ambapo mafanikio ya mkaguzi ni stakabadhi, makosa huwa mali: atapenda yarudie. Kufifilisha kosa papo kwa papo, mtu akiri na alipe bila kufika mahakamani, ni utaratibu halali uliowekwa kuwapunguzia watu usumbufu, lakini ukiachwa bila macho unakuwa soko la pembeni la sheria. Vivyo hivyo vyeti vya kupima afya vinavyotolewa bila mtu kutoa hata tone la damu. Cheti cha namna hiyo ni kibaya kuliko kutokuwa na cheti, kwa kuwa kinamfanya mlaji aamini.

Naidai pia ianzie juu. Kiwanda kinachoachia maji machafu mtoni kikaguliwe kabla ya beseni la maandazi. Mwenye ghorofa aliyeongeza sakafu bila kibali afikiwe kabla ya mwenye kibanda cha mabati. Wala hakuna sheria ya afya inayompa mgambo haki ya kupiga teke sufuria. Anayefanya hivyo ashitakiwe kwa jina lake, na halmashauri isimfiche nyuma ya sare.

Na pale ambapo mtu hawezi kweli, sheria itangulie na msaada. Vichochoro vyetu havipitishi gari la majitaka. Huo si ukaidi wa mtu. Vingunguti zilijaribiwa njia za mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba, na watu wakaunganisha vyoo vyao. Zipo pampu za mkono na mikokoteni ya kunyonya mashimo inayoingia pasipoingia lori. Halmashauri inayopiga marufuku kutapisha vyoo bila kuleta kimojawapo cha hivi inajua kwamba itatapishiwa. Lakini tukishaleta pampu, aliyeiona ikipita mlangoni kwake na bado akashika mtaimbo usiku hana tena jina la mnyonge. Mnyonge ni yule wa nyumba ya chini.

Nilisema kwamba sheria za mkoloni zilitungwa bila kuulizana. Za leo zina mlango. Halmashauri inapotaka kutunga sheria ndogo hutakiwa kutoa tangazo, wananchi wapeleke maoni au pingamizi kwa maandishi, ndipo baraza la madiwani lipitishe, Waziri aidhinishe, itangazwe katika Gazeti la Serikali. Rasimu hubandikwa ubaoni katika ofisi za kata na za mitaa. Nimeziona zikichakaa pale kwa jua, pini zikishika kutu, bila mtu kusimama kusoma. Wale wanaosema redioni kwamba sheria hizi tuliletewa tu, wangapi wamewahi kusimama mbele ya ubao ule?

Mwaka jana, katika mtaa ninaoishi sasa, ilibandikwa rasimu ya kurasa kumi na moja kuhusu usafi wa mazingira. Niliisoma yote nikiwa nimesimama, kisha nikaomba kuipiga picha. Kifungu cha kutapisha choo kilisema kosa ni la "mkazi wa nyumba". Nilikaa jioni ile nikaandika ukurasa mmoja kwa mkono. Niliomba neno "mkazi" liondolewe, liwekwe "mmiliki wa nyumba, awe anaishi humo au haishi", kwa sababu mkazi ni mpangaji, na mpangaji hana mtaimbo wala hana kodi ya miezi sita mfukoni. Niliomba pia kiongezwe kifungu kinachoilazimisha halmashauri kuzibua mitaro yake kabla ya Machi kila mwaka. Majirani saba waliweka sahihi zao, mmoja wao kwa dole gumba. Mtendaji wa mtaa aliisoma barua mbele yangu, akauliza maswali mawili, akafungua droo, akatoa mhuri wa kupokea na kuugonga juu ya nakala zote mbili. Moja aliiweka kwenye jalada, nyingine ninayo.